Rebeka Adoyo Okwach: Mama Aliyeliliwa Kabla ya Siku Yake

Marehemu Rebeka Adoyo Okwach alizaliwa tarehe 14 Aprili 1952 katika kijiji cha Sota, Shirati, wilaya ya Rorya, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ogweno, mvuvi na mkulima wa mtama. Uchungu ulimshika mama yake akiwa shambani na jembe mkononi, na kwa kuwa Waluo hawaachi tukio lipite bila kulipa jina, mtoto akaitwa Adoyo, yaani aliyezaliwa wakati wa palizi. Jina la Rebeka alilipata kwenye ubatizo miezi michache baadaye. Yeye mwenyewe aliyapenda yote mawili, ila alikuwa akisema kwamba Rebeka ni la kanisani na Adoyo ndilo analoitikia.

Mwaka 1960 alianza masomo katika shule ya misheni, umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwao. Alikuwa na mwandiko mzuri na sauti nzuri zaidi, kwa hiyo akaingizwa kwenye kwaya ya shule. Hapo ndipo alipopata shida yake ya kwanza. Waluo wana ngoma ya mabega, na mtoto wa Sota huijua kabla hajajua kusoma: bega linaruka lenyewe, mwenye mwili amesimama tu. Siku moja kwaya ilipokuwa ikiimba mbele ya wageni, bega la Adoyo likaanza safari yake. Mwalimu alimtoa mstari wa mbele, akamweka nyuma kabisa, akamwambia kwamba Mungu ana masikio na hahitaji kuonyeshwa mabega. Mtoto alilichukua neno hilo kama amri ya kumi na moja. Alimaliza darasa la saba mwaka 1967, na tangu siku ile mpaka alipokuwa bibi mwenye wajukuu, hakuna aliyemwona akicheza.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Gidion Okwach, fundi wa mitumbwi. Siku ile ya harusi, mtu aliyempokea mlangoni alikuwa wifi yake, Apiyo, dada mkubwa wa bwana harusi. Apiyo alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamkabidhi mtungi wa maji na kumwambia kwamba kuanzia leo kiu ya nyumba hii ni juu yake. Mtungi huo ulivunjika zamani, lakini Mama Adoyo hakuacha kuusimulia. Alikuwa akisema kwamba aliyekupokea nyumbani ndiye mwenye haki ya kukutoa. Liwekeni neno hilo akilini, ndugu waombolezaji, maana tutalihitaji mbele.

Mwaka 1974 Mzee Okwach na mkewe walihamia Mwanza, wakapanga Kirumba, na baadaye wakajenga nyumba yao pale pale mlimani kati ya mawe. Mzee aliendelea kuranda mbao, na Mama Adoyo akaingia soko la Mwaloni kwenye biashara ya dagaa. Waliomfahamu sokoni wataikumbuka mikono yake. Dagaa wakiletwa asubuhi wangali na maji, wenzake walikuwa wakiwamwaga na kuwasambaza kwa reki, lakini yeye aliinama na kuwapangusa kwa viganja, kushoto kwenda kulia, mpaka kila dagaa amelala peke yake juani. Akimaliza, mchanga wote ulikuwa unang'aa. Kwa dagaa hao aliwasomesha watoto wake, Rose na Pius, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuthubutu kusema kwamba amechoka kula dagaa.

Kanisani alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda mrefu alikuwa msimamizi wa nidhamu. Hapa lazima ukweli usemwe: alikuwa mkali kama pilipili ya Ukerewe. Dada wa kwaya akitikisika kidogo tu kwenye kiitikio, Mama Adoyo alimkata jicho mpaka mifupa inatulia. Nyonga, alisema, ni za kukalia. Kwaya yake ilisimama wima kama uzio wa bati, na ilisifiwa kwa hilo.

Tarehe 3 Novemba 2009 Mzee Okwach alifariki dunia, akazikwa hapa Kisesa, kwenye shamba alilolinunua na kulipenda, kama alivyoagiza mwenyewe. Wifi Apiyo alitaka mdogo wake arudishwe Rorya, lakini aliheshimu maneno ya marehemu. Baada ya msiba ule Mama Adoyo hakuimba tena. Alienda kanisani, akasimama mahali pake, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Aliuza dagaa, akafuga kuku, akazeeka. Watoto walidhani ndiyo basi tena.

Kumbe mama alikuwa hajaanza.

Mwezi Agosti mwaka 2016 umoja wa akina mama wa kanisa ulifanya safari ya kutembelea makumbusho ya Bujora. Mama Adoyo alienda kwa sababu tu nauli ilikuwa imeshalipwa. Walikuwa wakipita kwenye vyumba vya ngoma za Kisukuma, mwongozaji wao Venant Machibya akieleza, mara wakasikia uani mtu anapiga kibuyu. Si ngoma, kibuyu. Kiliguswa chini, kikapigwa kiganja, kikaguswa tena. Walipotoka wakamkuta mama mmoja mgeni, mvi tupu, gauni refu pana lenye maua kama ya mama mchungaji, amekaa mkekani anaimba. Mbele yake kijana mmoja wa Bujora alikuwa amepokezwa kibuyu apige, na yule mama mikono yake ilikuwa angani.

Mgeni huyo alikuwa Mama Nohea, mwalimu wa hula, ngoma ya visiwa vya Hawaii alikotoka, aliyekuja kujifunza ngoma za Wasukuma. Mama Adoyo alisimama. Wenzake wakaendelea na ziara, yeye akabaki amesimama juani na pochi yake. Kisha akamuuliza Venant yule mama anaimba nini. Venant akauliza kwa Kiingereza, akarudi na jibu: usisikilize mdomo, tazama mikono, maneno yote yako huko. Hii ni mvua inashuka mlimani. Hii ni mitumbwi inarudi. Hapa watu wa pwani wanavuta wavu. Mama Adoyo aliyaona yote kabla Venant hajamaliza kutafsiri. Aliona wavu, akaona maji yanachuruzika, na viganja vya yule mama vilipopita kushoto kwenda kulia juu ya mkeka, akaona dagaa wake mwenyewe wamelala Mwaloni. Binti yake Rose, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alipigiwa simu muda ule ule, na mama hakusalimia wala kungoja shikamoo. Alisema: "Rose, kuna watu duniani wanacheza kazi yangu."

Kuanzia hapo nyumba ya Kirumba haikulala. Mama Nohea alikaa Bujora wiki ile nzima, na Mama Adoyo alipanda gari kila siku kwenda kukaa mkekani pembeni yake. Alisimuliwa kwamba hata huko Hawaii, wamisionari walipofika, hula ilipigwa marufuku, na wazee wakaihifadhi kimya kimya majumbani mpaka zamani zile zikapita. Habari hiyo ilimgusa sana. Alikumbuka mwalimu wa kwaya na bega lake, akacheka, kisha akalia, na jioni ile alipokuwa akipika ugali Rose alimsikia jikoni akiimba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 2009.

Mama Nohea aliporudi kwao, masomo yaliendelea kwa simu ya video, Rose akitafsiri. Kila Jumamosi saa moja asubuhi, Mama Adoyo alikuwa ameshaoga na kusogeza makochi ukutani. Huko kwa Mama Nohea ilikuwa bado Ijumaa jioni, na jambo hilo lilimfurahisha bila mwisho. Aliwaambia watu sokoni kwamba mwalimu wake anaishi jana. Alijifunza kukunja magoti na kuyaacha yamekunjwa, kazi ambayo magoti yenyewe yaliilalamikia kwa sauti. Alijifunza kwamba nyonga inafuata tu, mkono ndio msemaji. Na alijifunza sheria moja ambayo hakuivunja kamwe: usiinue mkono kabla hujajua unasema nini. Kuna nyimbo Mama Nohea alikataa kumfundisha, akisema hizo ni za maombi ya kwao na hazipitishwi kwenye simu. Mama Adoyo alikubali. Alisema hata Sota kulikuwa na nyimbo za namna hiyo.

Muziki wenyewe ulimwingia kama maji kwenye mchanga. Alipenda magitaa yale ya Hawaii, lile la kuteleza linalolia kama mtu anayekumbuka, na lile la nyuzi zilizolegezwa ambalo, kwa maneno yake, linapigwa na mtu asiye na haraka. Pius, ambaye ni fundi wa mitumbwi kama baba yake, alimtengenezea gitaa dogo la nyuzi nne kwa mabaki ya mbao, ukulele. Lilitoka limepinda kidogo na lilikuwa linavuja sauti upande mmoja, lakini mama alilipiga hivyo hivyo. Mwaloni walianza kumwita Mama Hawaii. Akaitika.

Halafu akawageukia wale aliowakata jicho miaka yote. Aliwaita nyumbani dada watatu wa kwaya, Suzana wa Ukerewe, Dorcas wa Magu na Selina wa Bukoba, akawakaribisha chai na maandazi, akawaambia kwamba kuanzia leo anataka kuona nyonga. Suzana alidhani mama anamtega. Dorcas alianza kuomba msamaha wa makosa ya mwaka 1998. Ilibidi acheze yeye kwanza, sebuleni, bibi wa miaka sitini na nne, ndipo wakaamini.

Sasa tunafika Jumamosi ya tarehe 10 Machi 2018, siku ambayo familia hii haitaisahau.

Mama Nohea alikuwa amesema kwamba mchezaji wa hula huvaa majani mabichi kichwani, kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, na yawe majani ya mahali anapoishi. Akaomba safari hiyo wachezee nje, alione ziwa. Mama Adoyo aliamka na furaha, akakata mitambaazi iliyokuwa imeshika uzio, akawafunga wenzake na kujifunga mwenyewe mpaka uso haukuonekana vizuri. Wakatoka langoni mmoja nyuma ya mwingine, wakishuka kwenye mawe kuelekea ziwani, Suzana akipiga kibuyu polepole, wote wakiimba kwa sauti ya chini.

Wenzake watatu hawakujua, kwa kuwa si Waluo. Mama Adoyo alijua, ila furaha ilimpofusha. Kule Rorya, watu wazima wakionekana wamevaa mitambaazi kichwani na miguuni, wanatembea kwa mstari na kuimba, maana yake ni moja tu: wanamsindikiza mkubwa wa nyumba aliyefariki, wanakifukuza kifo kitoke bomani. Na Kirumba imejaa watu wa Rorya.

Mzee mmoja jirani, mtu wa Utegi, alikuwa barazani anapiga mswaki. Aliona akina mama wanne wenye majani wanatoka kwa Mama Adoyo, na Mama Adoyo hamwoni. Hakuuliza, kwa sababu mwenye msiba haulizwi. Alivua kofia, akaingia ndani, akampigia simu ndugu yake wa Shirati kumwambia kwamba Mama Adoyo hatunaye. Mkewe akapiga ukunga. Kilio kikashika mtaa mzima. Wale wanne walikuwa chini kwenye mawe pamoja na Rose, simu yake imeshikwa na video ya Hawaii, hawana habari. Waliporudi mchana walikuta turubai limefungwa, viti vimepangwa, masufuria ya chai yako mekoni, na kundi la wanaume wanajadili usafiri wa mwili. Marehemu akaingia getini akiwa na majani kichwani, akauliza nani amefariki. Akina mama wawili walizimia. Mzee wa Utegi aliruka uzio kwa umri ule.

Mama Adoyo, akishaelewa, alisema kwamba chai ikishapikwa lazima inyweke. Watu wakakaa, wakanywa, wakacheka mpaka mbavu zikauma, na msiba ukageuka sherehe. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye habari za kufufuka hazikumfikia. Wifi Apiyo alikuwa ameshapanda basi Shirati, na simu yake ilizima chaji akiwa Bunda.

Alifika jioni, jua bado lipo. Walimsikia kabla ya kumwona, analia kwa sauti ile ya zamani ya kuliita jina la mtu na la baba yake. Alipita getini mikono kichwani, kanga imeanguka begani, na akamkuta anayeliliwa amesimama na birika, anawamiminia watu chai, majani bado kichwani. Mama Adoyo aliweka birika chini amkimbilie, lakini alipouona uso wa wifi yake, ulivyovimba kwa kulia, kicheko kikamponyoka. Hakikuwa cha dharau, wanaomjua wanajua. Lakini alicheka.

Apiyo aliokota kanga yake. "Wifi," alisema, "nimeanza kukulilia Utegi. Bunda nimelia, Lamadi nimelia, na kufika Magu abiria wote walikuwa wanakulilia pamoja nami. Machozi yako nimeshayatoa yote. Siku utakayokufa kweli, usinitafute."

Alikataa chai, alikataa kulala pale, akaenda kulala kwa ndugu mwingine Mirongo, na asubuhi akarudi Shirati.

Mama Adoyo alituma watu wa kumwombea msamaha, na hawakufanikiwa. Ndipo akajaza kikapu dagaa wa daraja la kwanza, akakipakia kwenye basi kiende Shirati. Kila mtu hapa anajua kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata ukikosa kitu utaweka ndimu mbili, utaweka chumvi. Kikapu kilirudi kimeoshwa, kimekaushwa, kitupu. Msimu uliofuata akakijaza tena, akakituma. Kikarudi kitupu. Aliendelea hivyo miaka yote, na kila mara kikapu kilirudi kisafi kuliko kilivyokwenda.

Pamoja na hayo hakuacha kucheza. Mama Nohea alikuwa amempa ruhusa atunge wimbo wa ziwa lake mwenyewe kwa namna ya hula, mradi aseme alijifunza wapi. Akautunga, na mwezi Juni mwaka ule ule wa 2018, Venant akawatafutia nafasi kwenye sherehe za Bulabo, mashindano ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora. Wenye kujua Bulabo wanajua sheria yake. Makundi yanacheza kwa wakati mmoja, na hakuna majaji wa kuandika maksi. Mshindi ni yule aliyevuta watu. Akina mama wa Kirumba, majani kichwani, walipangiwa kucheza jirani na wacheza chatu.

Dorcas alitaka kurudi nyumbani. Kule upande wa pili chatu amebebwa shingoni, watu elfu wanapiga kelele, na huku kuna bibi wanne, kibuyu kimoja na ukulele uliopinda. Mbele yao walisimama watazamaji wachache, na kati yao wengine walikuwa wanatafuta njia ya kwenda kwa chatu. Mama Adoyo alivua viatu. Alisema kwa sauti kwamba ngoma hii ni ya Hawaii, amefundishwa na Mama Nohea, na maneno ni ya Mwaloni. Akakunja magoti, akaanza:

Mwezi umejificha, taa zimeshuka ziwani,
Vuta, mwanangu, vuta, wavu umeshiba,
Kumekucha, mchanga unangoja,
Lala juani, dagaa wangu, lala, kila mmoja na mahali pake.

Mkono ukafunika uso, mwezi ukajificha. Vidole vikatetemeka chini, zikawa taa juu ya maji. Wakavuta wavu, wote wanne, na magoti ya Selina yakalia. Halafu viganja vikapita, kushoto kwenda kulia, taratibu, na mtu mmoja nyuma, mchukuzi wa Mwaloni, akasema kwa sauti, "Jamani, yule anaanika dagaa." Basi, ushindani ukawa umekwisha. Watu wa Kirumba waliokuwa kwa chatu wakageuka. Wakageuka na wa Magu, na wa Kayenze. Walikuja kucheka na wakabaki kutazama, na wimbo ulipoisha wakataka urudiwe. Ulirudiwa mara tatu. Mwenye chatu mwenyewe alikuja kutazama, chatu shingoni. Na katika kurudia mara ya tatu, mbele ya umati ule wote, bega la kulia la Mama Adoyo liliruka. Rose aliliona. Liliruka lenyewe, mwenye mwili amesimama tu, baada ya miaka zaidi ya hamsini.

Usiku ule hakuna aliyemuuliza kama amefurahi. Alikuwa amechoka, amevimba miguu, na anacheka peke yake. Alisema jambo moja tu, kwamba umati wote ule ulikuja na aliyemtaka hakuwamo.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na moyo. Miguu ilijaa maji, pumzi ikawa fupi, na daktari akamkataza ngazi, chumvi na kucheza amesimama. Mama Adoyo aliuliza kama amekatazwa kucheza amekaa. Daktari akaandika dawa, naye akaendelea. Hula ya kukaa ipo, na ndiyo aliyoiona siku ya kwanza kule Bujora. Jumamosi asubuhi wenzake walikuja kukaa kuzunguka kitanda chake, Mama Nohea kwenye simu iliyoegemezwa juu ya chupa ya chai, na mikono kumi ikianika dagaa hewani. Wauguzi waliokuja kumhudumia waliondoka wanajua ubeti wa kwanza.

Mwezi Agosti mwaka huu wa 2025 alimwambia Rose maneno haya: "Kufa siogopi, mwanangu. Naogopa kutolewa nyumbani na mtu ambaye hakunipokea." Kikapu kikatumwa tena Shirati, na dagaa, na ujumbe kwamba mama anaumwa sana. Safari hii hakikurudi kabisa.

Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kirumba, dirisha likiwa wazi upande wa ziwa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tatu. Ameacha watoto wawili, Rose na Pius, wajukuu sita wakiongozwa na Princess, kitukuu mmoja, dada zake watatu wa kwaya na wa hula, mwalimu wake Mama Nohea, ambaye ametuma salamu na kusema kwamba huko kwao bado ni jana na Adoyo bado yuko hai kidogo, na wifi mmoja, Mama Apiyo.

Hapo ndipo wasifu unapoishia katika karatasi mlizoshika. Mtaona kwamba kwenye ratiba, mstari wa atakayetupa udongo wa kwanza kaburini umeachwa bila jina. Familia haikujua iandike nani. Yafuatayo hayakuchapwa, kwa sababu yametokea asubuhi hii.

Wakati turubai linafungwa, gari lilisimama barabarani, akashuka Mama Apiyo. Hakulia. Wale wanaomfahamu walingoja kilio, na hakikuja. Mkononi alikuwa na kikapu, kile kile, kimejaa mitambaazi mibichi ya Rorya, imenyunyiziwa maji njia nzima isinyauke. Mwanawe aliyemleta ametusimulia kwamba video ya Mama Adoyo akicheza Bujora ilifika Shirati zamani, na kwamba mama yake alikuwa akiomba awekewe tena na tena, kila mara akisema auone vizuri huo upuuzi wenyewe. Rose alimpigia magoti, akampa shikamoo, na kwa woga akamwambia kwamba hawakutegemea kumwona, kwa maana alisema asitafutwe.

"Nilisema machozi yamekwisha," alijibu. "Mikono sikuitaja."

Kisha alienda peke yake kwenye kaburi lililo wazi, akaweka kikapu chini, akakunja magoti yake ya miaka themanini na mbili. Viganja vikapita juu ya udongo uliochimbuliwa pembeni, kushoto kwenda kulia, taratibu, mpaka ukalala sawa.

Kwa hiyo ndugu waombolezaji, andikeni jina lake kwenye mstari ule. Majani yapo kikapuni, kila mtu achukue lake. Kibuyu anacho Suzana. Aliyempokea Adoyo nyumbani atamtoa, na sisi tutafuata kwa mikono, tukijua tunasema nini. Mama yetu apumzike kwa amani, na akichoka kupumzika, acheze.